Dubu Hupendwa Bure

Pwani yetu haina dubu. Hata jina lake si letu. Tumelipata kwa Waarabu, wanaosema dubb, nasi tukaliongezea irabu mwishoni kama kawaida yetu, likakaa. Afrika iliwahi kuwa na dubu wake kule juu kabisa, kwenye milima ya Atlas, huko Moroko na Algeria. Warumi waliwakamata na kuwapeleka kwenye viwanja vyao vya mauaji, na kufikia mwisho wa karne ya 19 hawakuwepo tena. Walowezi wa Kiingereza nao walidai kwamba yuko dubu Nandi, wakaandika habari zake miaka na miaka, lakini hakuna aliyewahi kuleta hata kipande cha ngozi. Kwa ufupi, huku kwetu dubu ni mnyama wa kitabuni.

Na bado, hebu nitafutie mtoto wa Kilifi au Malindi asiyemjua. Yuko kwenye kitabu cha chekechea, yuko kwenye shuka la kitanda, yuko kwenye dirisha la duka la zawadi amekumbatia moyo mwekundu. Na siku hizi yuko kwenye simu. Marafiki zangu kadhaa, watu wazima wenye kazi zao, huamka asubuhi na kabla ya chai wanaangalia dubu wa Alaska wakivua samaki. Kuna kamera zimewekwa kwenye mto Brooks, ndani ya Hifadhi ya Katmai, zinaonyesha kila kitu moja kwa moja. Dubu anasimama juu ya maporomoko, mdomo wazi, na salmoni anaruka mwenyewe hadi kinywani. Tangu mwaka 2014 kuna shindano la kumchagua dubu aliyenenepa kuliko wote kabla ya usingizi wa majira ya baridi. Watu wa dunia nzima wanapiga kura. Wa Kilifi wamo. Wanawajua dubu hao kwa namba zao, wanajua nani mama wa nani, na dubu wao akishindwa wanakasirika kweli, si mchezo.

Ninawaelewa. Yule ni mnyama wa kutazamwa. Dubu wa kahawia yuko pia bara, mbali na bahari, lakini wa bara ni mdogo zaidi. Hawa wa pwani ya kaskazini, wa Katmai na wa kisiwa cha Kodiak kilicho ng'ambo ya mlangobahari, wamekuwa majitu kwa sababu ya samaki. Dume mkubwa hupita kilo 500. Anakula miezi michache, kisha anaingia shimoni na kulala nusu mwaka, akiishi kwa mafuta yake mwenyewe. Usipomshangaa huyo, utamshangaa nani?

Swali langu ni hili, na sikulitunga kwa ajili ya kuwaudhi marafiki zangu: mapenzi haya ni mapenzi ya aina gani? Yanastahili sifa? Maana sisi tunapenda kujisifu kwa kupenda wanyama. Tunasema mtu anayependa wanyama ana moyo mzuri. Mimi nimeanza kufikiri kwamba moyo hauwezi kupimwa kwa kitu ambacho hakikuugharimu chochote. Dubu hupendwa bure. Hajawahi kula mahindi ya mtu wa Mtwapa. Hajawahi kumfanya mama wa Watamu aogope kwenda chooni usiku. Wahenga walishasema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiutazama ukiwa kichwani kwa mwingine, ni mwepesi na mweupe na unapendeza.

Sasa geuza shingo. Ukipanda matatu Kilifi kwenda Malindi, kwa muda mrefu mkono wako wa kushoto kuna msitu. Wengi hulala, au wako kwenye simu, labda wakiangalia dubu. Huo ni Arabuko-Sokoke, takriban kilomita za mraba 420, kipande kikubwa kuliko vyote vilivyobaki cha msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Ulianza kutangazwa msitu wa serikali tangu enzi za ukoloni, mwaka 1932. Ndani yake kuna bundi mdogo mwenye jina la Sokoke, kuna sengi mwenye matako ya rangi ya dhahabu ambaye makao yake makubwa duniani ni hapo, na kuna ndovu. Nasema ndovu kwa sababu kwetu tembo ni cha kunywa. Wagiriama huita ndzovu.

Ndovu dume hufika tani tano na kupita. Ukiwaweka dubu kumi wa Katmai kwenye mzani, ndio wanaanza kulingana naye. Anakula zaidi ya kilo 100 za majani, matawi na maganda kwa siku. Na hakuna kamera, hakuna namba, hakuna kura. Mtu wa Malindi anaweza kumaliza miaka thelathini nusu saa tu kutoka kwenye msitu huo na asijue kwamba mna ndovu ndani.

Lakini wapo wanaojua. Mjomba wangu, ndugu ya mama, analima upande wa Dida, magharibi ya msitu. Ana mahindi, kunde, mihogo, na mikorosho michache ya zamani. Mahindi yakianza kukomaa, yeye na wanawe hawalali nyumbani. Wanalala kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti cha kulindia shamba, wana tochi, debe bovu na fimbo ya kulipigia, na moto unaowashwa chini. Wanapokezana kama mabaharia. Sehemu za msitu zimezungushiwa uzio wa umeme, na uzio husaidia, lakini ndovu si ng'ombe. Anajifunza. Anasukuma mti ukaangukia waya, au anasubiri siku ambayo umeme haupo.

Mwaka mmoja waliingia saa saba usiku. Kabla ya adhana ya alfajiri eka mbili zilikuwa zimekwisha. Na hawakula zote, hilo ndilo linalouma. Walichokula ni kidogo, kilichobaki walikikanyaga wakipita. Mjomba alijaza fomu za fidia. Akapigwa picha na shamba lake, chifu akagonga muhuri, mtu akaja kutazama nyayo na kuandika. Nilimsindikiza mara mbili kwenye ofisi moja kuulizia. Mara ya kwanza faili lilikuwa halijafika, mara ya pili lilikuwa limepelekwa mbele. Huu ni mwaka wa tatu, bado liko mbele.

Nilimuuliza kama anawachukia ndovu. Nilitarajia aseme ndiyo. Alifikiri kidogo, akasema, "Mpwa wangu, mimi simchukii. Wala sitaki kumpenda. Nataka kila mtu alale kwake."

Jibu hilo limenikaa, kwa sababu linatupa njia ya tatu ambayo sisi watu wa simu huwa hatuioni. Kwetu kuna makundi mawili tu: wapenda wanyama, ambao ni watu wazuri, na maadui wa wanyama, ambao ni majangili na wakata miti. Mjomba hayumo kwenye kundi lolote. Amekesha misimu na misimu, hajawahi kuweka sumu kwenye tikiti wala kumrushia ndovu mshale wenye sumu, na sisi pwani tunajua mishale ya sumu ni ujuzi wa zamani sana. Anagharimika ili ndovu aendelee kuishi, na hampendi. Rafiki yangu wa Kilifi anampenda dubu, na hagharimiki kitu ila data. Sasa niambie, kati ya hawa wawili, ni nani anayemtendea mnyama wema?

Nadhani tunachanganya hisia na tendo. Hisia ni nzuri, siikatai. Lakini mnyama hawezi kuishi ndani ya hisia yangu. Anaishi kwenye ardhi, na ardhi ina watu.

Habari hii ya kumpenda mnyama wa mbali si mpya, na Malindi wana sehemu yao kwenye historia yake. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifikisha twiga kwenye jumba la mfalme wa China, huko Beijing. Wachina walipomwona walimfananisha na qilin, mnyama wa hadithi zao ambaye hutokea pale tu nchi inapotawaliwa kwa haki. Twiga wetu wa kawaida, anayetafuna migunga, akageuka kuwa cheti cha utawala bora. Alisifiwa, akachorwa, akatungiwa maneno matamu. Hakuna kati ya wale waliomsifu aliyewahi kuishi mahali penye twiga. Simaanishi walikuwa wanafiki. Nasema tu kwamba mnyama akisafiri mbali vya kutosha huacha kuwa mnyama, akawa alama. Dubu wetu wa simu ni hivyo hivyo. Yeye ni alama ya dunia ambayo bado ni safi, yenye mito baridi na samaki wanaoruka wenyewe. Tunampenda kwa sababu ya tunavyotaka dunia iwe.

Na alama haiumi, ila dubu anauma. Kulikuwa na Mmarekani mmoja, Timothy Treadwell, aliyekwenda Katmai kila kiangazi kwa miaka kumi na tatu, akakaa kambini kati ya dubu. Aliwapa majina, akawaimbia, akawapiga picha kwa karibu kuliko ilivyo salama, akaapa kuwalinda. Oktoba 2003 yeye na mwenzake, Amie Huguenard, waliuawa na dubu. Walinzi wa hifadhi walipofika kuchukua miili, waliwapiga risasi dubu wawili. Mwongozaji Werner Herzog alitengeneza filamu juu yake, Grizzly Man, iliyotoka mwaka 2005, na watu bado wanabishana kama Treadwell alikuwa shujaa au mpumbavu.

Mimi sitaki kumhukumu marehemu. Ninachokiona ni kwamba mapenzi yake yalikuwa ya kweli na yalimgharimu kila kitu, kwa hiyo hoja yangu ya gharama peke yake haitoshi. Yeye alilipa. Ila alilipia kitu ambacho dubu hakukihitaji. Dubu hakuhitaji jina, wala wimbo, wala rafiki. Alihitaji nafasi. Mjomba wangu, bila kwenda Alaska, angemwambia lile lile: kila mtu alale kwake.

Na tusidhani kwamba huko Alaska mambo ni mteremko. Kodiak ina dubu wapatao 3,500, na tangu mwaka 1941 sehemu kubwa ya kisiwa ni hifadhi. Lakini kisiwa kina watu pia, na kulikuwa na wafugaji wa ng'ombe. Dubu walikula ng'ombe. Miaka ya 1960 ugomvi ulifika mahali ambapo maofisa wa serikali ya jimbo waliwapiga dubu risasi kutoka kwenye ndege ndogo, ili kulinda mifugo. Habari ilipovuja kwenye magazeti, watu wa miji ya mbali walighadhibika. Bila shaka kulikuwa na mfugaji mahali fulani, ameketi jikoni kwake, anasoma ghadhabu hiyo na kujiuliza kama kuna yeyote kati yao atakayemlipa ndama wake. Hata leo dubu wa Kodiak wanawindwa kwa vibali na kwa idadi maalumu. Wanaopiga kura ya dubu mnono, wangapi wanajua?

Kwa hiyo swali la mnyama mkubwa ni lile lile kila pwani. Linaonekana kama swali kati ya binadamu na mnyama. Kwa kweli ni swali kati ya binadamu na binadamu: nani anafurahi, nani analipa.

Wachumi wa uhifadhi wana jibu lao, nalo umeshalisikia: mnyama ajilipie. Watalii waje, walipe kiingilio, hela zishuke kijijini, mkulima aone faida, amwache mnyama aishi. Mahali pengine linafanya kazi, na siwezi kulibeza, kwa sababu Arabuko-Sokoke yenyewe ni ushahidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wengi wa majirani wa msitu walitaka ukatwe, wagawiwe mashamba. Mwaka 1993 ukaanza mradi wa Kipepeo pale Gede. Wakulima wakafundishwa kufuga vipepeo wa msituni, wakawa wanauza mabuu yaliyojifunga, yanasafirishwa hadi Ulaya na Marekani kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Watu wakapata karo za watoto kutokana na mdudu. Na ili umpate mdudu, lazima msitu uwepo. Hapo wazo la kuukata likapoteza utamu.

Lakini angalia vizuri: kilichojilipia ni kipepeo. Ndovu wa Arabuko-Sokoke hawezi. Msitu ni mnene, ndovu wake ni wa siri, mtalii anaweza kuzunguka siku nzima na asione zaidi ya kinyesi. Mtu mwenye pesa ya kuona ndovu atakwenda Tsavo au Amboseli, ambako wanasimama peupe na mlima nyuma yao. Sasa tukisema haki ya kuishi inatokana na kulipa, ndovu huyu wa kichakani ameshindwa mtihani. Na sengi je? Na bundi? Hata binadamu, tukishaanza kuuliza nani anajilipia, tutafika mahali pabaya haraka sana. Bibi mzee asiyeweza kulima tena hatumwambii ajilipie.

Aprili 2016 serikali yetu ilichoma tani 105 za pembe za ndovu kwenye hifadhi ya Nairobi. Maana yake ilielezwa waziwazi: pembe haina thamani ila ikiwa juu ya ndovu aliye hai. Nilivutiwa, na bado naamini maneno hayo. Ila maneno yale yana nusu ya pili ambayo haikusemwa karibu na moto ule. Kama thamani iko kwa ndovu aliye hai, basi anayemweka hai amebeba thamani hiyo mgongoni mwake kwa niaba yetu sote, na anatudai.

Sheria inakubali kwamba anatudai. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inasema mtu akiuawa na mnyama, familia ilipwe shilingi milioni 5. Ulemavu wa kudumu ni milioni 3. Mazao yaliyoharibiwa na ndovu nayo yamo. Kwenye karatasi ni sheria ya utu kabisa. Lakini madai yamekuwa yakirundikana mwaka hadi mwaka, nchi nzima, na deni lisilolipwa huwa linamtoka mtu mwingine mfukoni. Kwa hiyo uhifadhi wetu, tuwe wakweli, sehemu yake unaendeshwa kwa mkopo kutoka kwa watu wa Dida, Kakuyuni na Jilore. Hatukuwaomba. Tuliwakopa tu.

Mtu atasema: basi suluhisho ni watu wahame, au ndovu wahamishwe. Zamani ndovu hao walikuwa wakitoka msituni kuelekea Galana na Tsavo na kurudi. Njia zao leo ni mashamba na vijiji. Nani alimzibia mwenzake? Ukiuliza ndovu, ni mkulima. Ukiuliza mkulima, atakukumbusha kwamba msitu ulichorewa mipaka na mkoloni bila babu yake kuulizwa. Wote wawili wana kesi. Sioni hakimu wa kuimaliza kwa kumfukuza mmoja.

Kinachonipa matumaini kidogo ni kwamba pwani hii iliwahi kuwa na namna nyingine ya kutunza kitu, isiyotegemea mapenzi wala kiingilio. Wamijikenda wana makaya. Mwaka 2008 UNESCO iliyaingiza makaya hayo kwenye orodha ya urithi wa dunia, lakini yalikuwa yamesimama karne nyingi kabla ya UNESCO kuzaliwa. Kaya hailindwi kwa sababu inapendeza. Wengi hawaruhusiwi hata kuingia ovyo. Inalindwa na mwiko: usikate, usiokote kuni, usipite na viatu pale pasipotakiwa. Hakuna anayesema anaupenda mti wa kaya. Unaheshimiwa, unaachwa. Ukivunja mwiko unalipa, kuku au mbuzi, na wazee wanahakikisha umelipa.

Heshima, kwa maana hiyo, ina mipaka na ina faini. Mapenzi hayana vyote viwili. Ndiyo maana nadhani tunachodaiwa kwa ndovu, na kwa dubu, ni heshima kwanza. Hata pale Brooks, mgeni akishuka kwenye ndege tu, kabla hajaona dubu hata mmoja, anakalishwa darasani: chakula usikiache nje, umbali ni huu, dubu akija njiani wewe ndiye unayepisha. Huo ni mwiko, bana, wamevalisha kofia ya askari wa hifadhi.

Kule Sagalla, Taita, karibu na Tsavo Mashariki, wakulima wamezungushia mashamba yao mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye anageuza. Ndovu huogopa nyuki. Mkulima analala, ndovu anaondoka mzima, na asali inauzwa. Sisemi nyuki watamaliza kila kitu. Msimu wa ukame mzinga nao huwa mtupu. Lakini ona umbo la wazo lenyewe: hakuna aliyeombwa kumpenda mwenzake. Kuna mpaka, na kuna mtu anayepata kitu kwa kuulinda.

Basi sisi wa mjini tuko wapi? Ndipo ninapotaka kufika, maana wewe unayesoma haya pengine hulimi Dida, wala huishi Alaska. Uko Kilifi, Malindi, Mtwapa, labda Mombasa au Nairobi. Uko kama nilivyo mimi. Na sisi ndio watu wa ajabu kwenye hesabu hii, kwa sababu tuko mbali na msitu kwa mawazo tu. Kwa mambo mengine tuko ndani yake. Makaa yanayopika mbaazi zako yametoka kwenye mti, na si kila gunia linatoka kwenye shamba la mtu. Kinyago cha muhugu kilichoko sebuleni kimetoka kwenye mti ambao Arabuko-Sokoke imekuwa ikiibiwa kwa miaka. Kila mti unaotoka, chakula cha ndovu kinapungua ndani, na shamba la mjomba linazidi kunukia nje. Kwa hiyo tunaweza kuwa tumekaa jioni, tunampigia kura dubu wa Katmai, huku jiko letu la makaa linamsukuma ndovu wa jirani kwenye mahindi ya mtu.

Sisemi uache kuangalia dubu. Mimi nawaangalia pia, na nina wangu. Nasema tu kwamba penzi la bure ni kama salamu: ni jambo jema, lakini salamu hailipi deni. Ukitaka kujua kama unapenda wanyama, angalia ni wapi mapenzi hayo yameingia mfukoni mwako au yamekunyima kitu. Umeuliza makaa yametoka wapi, ukalipa zaidi kidogo kwa yaliyopandwa? Umenunua asali ya mtu anayepakana na msitu badala ya ile ya kopo kutoka ng'ambo? Umewahi kumuuliza mwakilishi wadi au mbunge wako, siku ile anapokuja na fulana na leso, madai ya fidia ya wanyama katika kaunti yetu yamefikia wapi? Hilo nalo ni swali la kura. Kura ya dubu unaipiga mara nyingi kwa mwaka na haibadilishi chochote kwa dubu, atanenepa vile vile. Hii nyingine unaipata mara moja kwa miaka mitano, na kuna faili mahali fulani linaisubiri.

Mwezi wa nane mahindi ya Dida yatakuwa yanakomaa. Alaska nako salmoni watakuwa bado wanapanda mto, na kamera zitakuwa wazi usiku kucha, saa zile zile ambazo mjomba na wanawe watakuwa juu ya dungu wanapiga debe. Ukikesha na dubu, kumbuka kwamba kuna mwenzio aliyekesha pia, na yeye hawezi kuzima.